Mbao Tabaka Mtambuka: Jina, Mzigo na Moto

Mwaka 2021 ulitangazwa mpango wa kujenga mnara wa ghorofa 28 huko Fumba, Unguja, wenye urefu wa mita 96, na sehemu kubwa ya mwili wake iwe ya mbao. Anayesikia habari kama hiyo huuliza kwanza: ukishika moto, itakuwaje? Swali ni la haki. Tumeona mabanda ya soko yakianza kuwaka saa nne usiku, na alfajiri pakabaki jivu na mabati yaliyokunjamana. Ila ndani ya swali hilo kuna neno linalotupoteza, nalo ni "mbao". Tukilisikia, picha inayotujia ni ya mbili kwa nne, kenchi na papi za paa: vitu vyembamba vyenye hewa pande zote, ambavyo moto huvila kwa dakika chache.

Kinachobeba majengo ya namna ile ni kitu kingine. Wahandisi wamekizoea kwa herufi tatu, CLT, yaani cross-laminated timber kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili kila mtu hukieleza kwa namna yake. Napendekeza kiitwe mbao tabaka mtambuka. Jina hili nitalitetea kwa kuonyesha jinsi kitu chenyewe kinavyobeba mzigo na kinavyoungua, kwa sababu istilahi ya ujenzi isiyomsaidia fundi kujua kitu kitafanya nini ni mzigo mwingine wa kukariri.

Kitu chenyewe

Chukua mbao zilizokaushwa hadi unyevu wa takriban asilimia 12, kila moja ikiwa na unene wa milimita 20 hadi 40. Zilaze ubavu kwa ubavu, zote zikielekea upande mmoja. Paka gundi. Juu yake laza safu ya pili inayoikata ya kwanza kwa pembe mraba. Paka gundi tena, kisha laza ya tatu kwa mwelekeo wa ile ya kwanza. Matabaka huwa witiri, matatu, matano au saba, ili uso wa juu na wa chini zielekee upande mmoja. Yote hukandamizwa kwa mashine mpaka gundi ikauke. Kinachotoka ni bamba zito linaloweza kufika upana wa mita 3 na urefu wa mita 16. Madirisha na milango hukatwa humo kiwandani, kisha bamba hupandishwa kwa kreni na kufungwa kwa skrubu ndefu na vyuma vya pembe.

Ufundi huu ulikomaa Austria na Ujerumani katika miaka ya 1990. Gerhard Schickhofer wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz ni miongoni mwa walioujengea msingi wa kisayansi, na mwaka 2019 alipewa Tuzo ya Marcus Wallenberg kwa kazi hiyo. Mwaka 2009 jengo la Stadthaus, Murray Grove, London, lilifika ghorofa tisa: ya chini ya zege, nane za juu za mabamba haya. Mwaka 2022 mjini Milwaukee, Marekani, lilikamilika jengo la Ascent, ghorofa 25, mita 86.6.

Majina ninayoyakataa, na sababu

Njia ya kwanza ingekuwa kuchukua neno la kigeni na kusema "mbao za kulaminetiwa". Lakini kulamineti kwetu tayari kuna maana yake: ni kukitia kitambulisho au cheti cha shule ndani ya karatasi ya plastiki. Anayesikia "mbao iliyolaminetiwa" ataona meza yenye ngozi ya plastiki juu, na ataogopa moto kwa sababu isiyo yake.

Njia ya pili ni "mbao za msalaba". Hapa ufasiri umeng'ang'ania umbo la neno la Kiingereza, cross, ukaacha kazi yake. Msalaba ni vipande viwili vinavyokutana mahali pamoja. Hapa safu nzima inalala juu ya safu nzima.

Njia ya tatu, "plaiwudi nene", ina ukweli ndani yake, kwa kuwa plaiwudi nayo hupishanisha nyuzi za mti. Ila plaiwudi hutokana na gogo linalozungushwa na kumenywa ukanda mwembamba kama ganda la chungwa, na unene wa tabaka lake ni wa milimita chache tu. Mbele ya moto, tofauti ya milimita mbili na milimita 40 ndiyo inayoamua kila kitu, na jina hilo linaificha.

Wajerumani husema Brettsperrholz. Kitenzi kilichomo katikati ya neno hilo maana yake ni kuzuia, kufunga njia: tabaka moja humzuia mwenzake asivimbe wala kunywea. Wamekiita kitu kwa kazi yake, na hilo ni la kuigwa.

Kiswahili kina neno tayari: mtambuka. Maofisini tumelizoea katika "masuala mtambuka", yale yanayopita katika kila sekta. Asili yake ni kutambuka, yaani kuvuka, kupita kutoka upande huu hadi ule. Tukisema tabaka mtambuka, tunasema tabaka linalolivuka jenzake. Neno hilo lina ndugu: zipo pia mbao zinazogandishwa zote zikielekea upande mmoja, zinazotumika kwa nguzo na boriti ndefu. Hizo ziitwe mbao tabaka sambamba. Sambamba na mtambuka: mwanafunzi akijua moja, ya pili ameshaielewa.

Kwa nini zivukane

Mti una nguvu nyingi kufuata nyuzi zake na chache mno kuzikata. Kwa mbao laini kama za mipaini, ukakamavu wa kufuata nyuzi ni karibu mara 30 ya ule wa kuzikata. Ndiyo maana shoka hupasua kuni kwa urefu kwa pigo moja, na gogo lile lile likikatwa kwa upana humtoa mtu jasho.

Mababu zetu walilijua tatizo hili. Nyumba ya udongo haisimami kwa nguzo za wima peke yake. Hufungwa fito za kulala, na pale zinapokutana pana kamba. Mfumaji naye ana mtande na mshindio: nyuzi za mtande peke yake si kitambaa. Bamba la tabaka mtambuka ni mtande na mshindio wa mbao, na gundi ndiyo kamba.

Hesabu inaonyesha faida yake. Chukua bamba la matabaka matano ya milimita 40, jumla milimita 200. Tukiyahesabu matabaka ya kuvuka kuwa hayasaidii kitu katika kupinda, bamba hubaki na takriban asilimia 79 ya ukakamavu ambao lingekuwa nao kama mbao zote zingeelekea upande mmoja. Upande wa pili, ambao mbao sambamba zingetoa asilimia 3 hivi, sasa una asilimia 21. Umetoa kidogo kwa mwenye nacho ukampa asiye nacho, na bamba linaweza kuegemea kuta za pande zote. Kadhalika, mbao hunywea sana kwa upana na kidogo mno kwa urefu. Zikivukana, kila tabaka humshika jirani, na umbo la bamba hutulia.

Wepesi nao una kazi. Mita moja ya ujazo ya mbao hizi ina kilo 450 hadi 500. Ya zege la nondo hukaribia 2,500. Msingi hubeba kidogo, na tetemeko la ardhi lina uzito mdogo wa kuutikisa.

Udhaifu pia upo, na unahitaji jina. Tabaka la kuvuka likisukumwa juu kwenda huku na chini kwenda kule, nyuzi zake hutaka kuviringika, kama magogo wanayoyatandika wavuvi chini ya ngalawa ili waiburure ufukweni. Napendekeza tuuite mkato viringishi. Mhandisi asiyeupima atapata sakafu inayobonyea kuliko hesabu yake ilivyosema.

Kuwaka, kuungua, kuteketea

Sasa turudi kwenye swali la Fumba. Kiswahili hakina kitenzi kimoja tu cha kazi ya moto. Kuwaka ni kutoa ndimi. Kuungua ni kuguswa na moto na kuharibika, pengine kwa sehemu tu. Kuteketea ni kwisha kabisa. Swali la mbao tabaka mtambuka liko katikati ya vitenzi hivi: huwaka, huungua, lakini je, huteketea?

Aliyelelewa na jiko la mafiga analijua jibu kwa mkono wake. Usiku mpishi anapomaliza, huvuta kuni nje ya mafiga. Vijiti vimekwisha, lakini gogo nene limebaki, kijinga cha moto, na kikiachwa peke yake hufuka kidogo kisha huzimika. Asubuhi kikwangue kwa panga. Ganda jeusi lililopasuka vigae vidogo hudondoka. Chini yake pana ukanda wa kahawia. Na chini ya ukanda huo mti ni mweupe kama siku ulipokatwa, unatoa hata harufu yake.

Hicho ndicho kinachotokea kwenye bamba. Mbao ikifika nyuzijoto 300 hivi hugeuka mkaa. Mkaa hupitisha joto kwa shida, hivyo huikinga mbao iliyo nyuma yake, na sentimita nne hivi nyuma ya mstari wa mkaa pana joto la kawaida la chumba. Kanuni za Ulaya huhesabu kwamba mstari huo husonga milimita 0.65 kila dakika. Kwa saa moja ni milimita 39. Huongezwa milimita 7 za mbao iliyopashwa joto, ambazo mhandisi haziamini tena, na jumla huwa 46. Kinachobaki ndicho kinachobeba. Boriti ya chuma isiyokingwa haina mwendo wa taratibu hivyo: inapokaribia nyuzijoto 600 imeshapoteza karibu nusu ya nguvu zake, tangu nje hadi kiini.

Lakini mvukano una gharama yake motoni. Rudi kwenye bamba letu la milimita 200, likiungua kwa chini. Baada ya saa moja tabaka la kwanza, lililokuwa likivutwa zaidi, limekwisha. La pili linavuka, halisaidii kupinda. Kwa tabaka moja lililoungua, mhandisi amepoteza mawili. Kimebaki kikundi cha matatu ya juu. Ukakamavu umeshuka hadi karibu robo, na nguvu ya kupinda iko chini ya nusu. Kwa hiyo unene hupangwa tangu mwanzo kwa ajili ya moto, na si kwa ajili ya mzigo wa kila siku pekee.

Gundi isiyotajwa

Kuna kitu ambacho jina nililolipendekeza halikisemi. Katika bamba letu mkaa husogea milimita 39 kwa saa, na mstari wa gundi uko kwenye milimita 40. Joto hutangulia mkaa, kwa hiyo gundi hupashwa kabla ya moto kuifikia. Kama ni ya aina inayolegea kwa joto, tabaka lililoungua huanguka pamoja na ganda lake la mkaa. Mbao mpya hubaki uchi mbele ya moto ambao tayari ni mkali, na huungua kwa kasi ya mara mbili mpaka ijijengee mkaa wa milimita 25. Chumba kilichokuwa kikipoa huwaka upya. Kiswahili kina kitenzi cha jambo hili: kubanduka. Marekani ilipokirekebisha kiwango cha mabamba haya mwaka 2018, ilidai gundi iliyojaribiwa isiruhusu kubanduka motoni.

Kijinga kinafundisha jambo jingine pia. Kimoja huzimika; viwili vikitazamana karibu karibu huendelea kupashana joto na kuwaka. Ndivyo zilivyo kuta mbili za mbao wazi zinazokabiliana chumbani. Kwa hiyo kanuni za ujenzi za Marekani za mwaka 2021 zinaruhusu hadi ghorofa 18 pale mbao zote zinapofunikwa kwa kinga isiyowaka, kama bodi za jipsamu, na hadi ghorofa tisa pale zinapoachwa wazi. Jengo la Brock Commons mjini Vancouver, Kanada, ghorofa 18, lililofunguliwa 2017, lilifunika mbao zake kwa bodi hizo.

Basi istilahi hii isisafiri peke yake. Ipewe wenzake: tabaka la mkaa, kubanduka, mkato viringishi, na muda wa kustahimili moto, unaohesabiwa kwa dakika. Tanzania ina mipaini mingi Sao Hill, Mufindi, na mafundi wa Mafinga wanaipasua kila siku. Siku bamba la kwanza la aina hii litakapofikishwa mbele ya fundi kati yao, awe na maneno ya kumuuliza mwuzaji: matabaka mangapi, kila moja lina unene gani, linastahimili dakika ngapi, na gundi yake ikipata joto, inabanduka au haibanduki?