Kubaki Hewani

Zamu yetu ilikuwa saa tisa alasiri hadi saa kumi, na hatukuwapo. Yaani tulikuwapo kwa sauti tu. Mimi na mwenzangu tulikuwa tumerekodi kipindi chetu siku tatu kabla, tukakihariri usiku kucha, tukafuta kila "eee" na kila pumzi, tukapachika muziki mahali pake, tukakituma mapema kama wanafunzi wazuri. Ilikuwa mwaka wa 2020, miezi ile ya kafyu, na podikasti kumi na kidogo za Nairobi zilikuwa zimekubaliana kufanya tamasha la siku moja mtandaoni kuchangia jiko la mtaa mmoja, lililokuwa likilisha familia ambazo vibarua vyao vilikuwa vimekatika. Kila podikasti ilipewa saa moja, kuanzia adhuhuri hadi usiku wa manane. Chini ya skrini palikuwa na namba ya paybill na jumla ya pesa iliyokwisha kuingia.

Katika saa yetu jumla ile haikusogea sana. Nilikuwa nimekaa kitandani nikiikodolea macho. Kipindi kilikuwa kizuri, nasema bila haya, na watu kwenye chati walikisifu. Lakini pesa iliyoingia nadhani ilikuwa ya marafiki zetu, na ya shangazi yangu.

Saa mbili usiku akaingia dada mmoja ambaye huendesha peke yake podikasti ya vitabu vya watoto. Hata dakika kumi hazijaisha, stima ikapotea kwao. Akaendelea kwa bando la simu, uso ukimulikwa na tochi ya simu nyingine, akisoma hadithi, akikohoa, akipoteza ukurasa, akiuliza, "Bado mnanisikia?" Saa yake ilipokwisha, aliyepaswa kumfuata hakupatikana. Akasema, basi, nitabaki. Akabaki saa nzima nyingine. Jumla ile chini ya skrini ikawa inapanda hata kabla hujapepesa jicho.

Nilikasirika kidogo, nikiri. Na kwa kuwa mimi ni mwandishi wa habari, nikikasirika huenda kusoma. Nilitaka kujua ni lini hasa watu walianza kuombana pesa kupitia sauti isiyo na mwili, na kwa nini wengine hupewa na wengine husifiwa tu.

Jibu la kwanza lilinipeleka Marekani, tarehe 21 Septemba 1943. Siku hiyo mwimbaji Kate Smith, ambaye Wamarekani walimjua kwa wimbo "God Bless America", aliingia studio za redio ya CBS saa mbili asubuhi na hakutoka hadi saa nane usiku. Muda wa saa 18. Hakuimba mfululizo, wala hakuzungumza mfululizo; alijitokeza zaidi ya mara 60 katikati ya vipindi vya kawaida, kila mara kwa dakika chache, akiwaomba wasikilizaji wapige simu na kununua dhamana za vita. Ni kweli, dhamana si sadaka: unaikopesha serikali na baadaye unarudishiwa chako. Ila namna ya kuomba ilikuwa ileile ya sadaka, na waliopiga simu siku ile hawakuzungumza kama watu wanaowekeza. Ahadi zilifika takriban dola milioni 39.

Kisa hiki kingebaki kumbukumbu ya redio tu kama mwanasosholojia Robert Merton asingekifuatilia. Yeye na wenzake waliketi na watu 100 wa New York waliosikiliza siku ile, wakawahoji kwa kina, na mwaka 1946 akatoa kitabu kiitwacho Mass Persuasion. Nimekisoma mara mbili. Ukitoa istilahi za chuoni, kinachobaki ni watu wa kawaida wakijaribu kueleza kitu ambacho wao wenyewe hawakielewi vizuri: kwamba walikuwa jikoni, au wanapiga pasi, wakamsikia asubuhi, wakamsikia mchana, wakamsikia jioni sauti ikianza kuchoka, na polepole wakaanza kumwogopea. Wengine hawakuweza kuzima redio. Wengine walipiga simu ili wampunguzie mzigo, kama vile kila dhamana ingemfanya mama yule akalale mapema zaidi.

Merton alitaka kujua kwa nini walimwamini. Kumbuka ni nchi iliyokuwa imejaa matangazo ya biashara. Kila sauti redioni ilikuwa inauza sabuni. Watu wale hawakuwa wajinga. Walijua kushuku. Lakini uchovu hauigizwi kirahisi kwa saa 18, ndivyo walivyoona, na mtu anayejichosha bila kulipwa hawezi kuwa anakudanganya. Tendo likathibitisha neno. Hapo nikamkumbuka dada wa tochi, nikaona haya kwa ajili ya kipindi chetu kisicho na kikohozi hata kimoja.

Si kwamba kuomba kwa ustaarabu na kwa ufupi hakujawahi kufaulu. BBC ilianza mwaka 1926 kutenga dakika chache kila wiki kwa ajili ya shirika moja la hisani. Mtu anayeheshimika anasoma ombi, msikilizaji anaandika barua na kutia hundi kwenye bahasha. Desturi hiyo ingali hai hadi leo kwenye Radio 4. Lakini hiyo ni imani iliyojengwa kwa kurudi kila wiki, miaka nenda miaka rudi. Mtu wa podikasti mwenye wasikilizaji mia tatu hana miaka hiyo. Ana siku moja.

Runinga ilipokuja iliona mara moja faida ya siku moja ndefu. Mwaka 1949 mchekeshaji Milton Berle alikaa hewani saa 16 kwa ajili ya mfuko wa saratani huko New York, na Wamarekani wakabuni neno telethoni. Ninayoipenda zaidi lakini ni ya Uholanzi. Novemba 1962, mtangazaji Mies Bouwman aliendesha kipindi cha saa 23, kuanzia jioni ya tarehe 26 hadi siku ya pili yake, ili kujenga karibu na mji wa Arnhem kijiji cha watu wenye ulemavu, kijiji ambamo wangeishi katika nyumba zao badala ya kulazwa wodini. Daktari Arie Klapwijk ndiye aliyekuwa na wazo hilo. Watu waliombwa watie pesa ndani ya vibweta vya kiberiti. Fikiria hilo: kibweta cha kiberiti kila nyumba inacho, hakuna anayejua jirani ametia nini ndani yake, na noti kubwa ikikunjwa inaingia sawa na sarafu. Vikapatikana vibweta kwa marundo. Nchi yenye watu wasiofika hata milioni 12 ilitoa zaidi ya gilda milioni 20, na kijiji kikajengwa. Kinaitwa Het Dorp, maana yake Kijiji, basi.

Hapa kwetu, wakati huohuo karibu, tulikuwa tunafanya kinyume cha kibweta cha kiberiti. Harambee ilikuwa mwito wa Jomo Kenyatta tangu 1963, na shule nyingi nilizopita karibu nazo utotoni zilijengwa hivyo. Lakini aliyewahi kuhudhuria harambee anajua kipaza sauti kilivyofanya kazi. Jina linatajwa, kiasi kinatajwa, makofi yanapimwa kulingana na kiasi. Mama wa kuku mmoja na mheshimiwa wa bahasha nene hawakupigiwa makofi sawa. Kufikia miaka ya mwisho ya utawala wa Moi, mchango ulikuwa umegeuka kuwa jukwaa la kampeni na, mahali pengi, kodi ya lazima iliyokusanywa na chifu. Ndiyo maana sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya 2003 iliwawekea wakubwa mipaka kuhusu harambee.

Kibweta chetu cha kiberiti kilikuja na M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007. Nilikielewa hivyo Julai 2011, wakati njaa ilipobana Turkana, Wajir, Mandera na kwingineko kaskazini. Mpango wa Kenyans for Kenya, ulioanzishwa na makampuni, vyombo vya habari na Shirika la Msalaba Mwekundu, ulilenga shilingi milioni 500 kwa wiki nne, na lengo likapitwa. Nilikuwa chuoni wakati huo. Chumbani kwetu tulikuwa wanne, tukaruka chakula cha jioni siku moja, kila mtu akatuma mia. Hakuna aliyetajwa jina. Kilichotushika ni ile jumla iliyosomwa kila siku kwenye habari. Ukisikia imepanda unajisemea, humo ndani nimo.

Intaneti ikaja kuviunganisha vyote viwili, uchovu wa hewani na mkono usiotajwa. Mwaka 2007 kikundi cha wachekeshaji wa Kanada walianzisha Desert Bus for Hope, kwa faida ya shirika linalopeleka michezo hospitalini kwa watoto. Wanacheza mchezo wa kompyuta ambao pengine ndio mbaya kuliko yote: unaendesha basi kutoka Tucson hadi Las Vegas kwa saa nane kamili, barabara imenyooka, hakuna cha kuona, basi linavuta upande mmoja ili usiweze kuuachia usukani. Ukifika unapata pointi moja. Kadiri watu wanavyochanga ndivyo wachezaji wanavyolazimika kuendelea. Walitarajia dola 1,000 mwaka ule wa kwanza. Walipata zaidi ya 20,000. Kate Smith angewaelewa, ingawa kwake watu walitoa ili apumzike na kwao watu hutoa ili wasipumzike.

Podikasti ndiyo mgeni asiyefaa katika ukoo huu. Ilizaliwa mwaka 2004 hivi kama redio isiyo na saa: unasikiliza unapotaka, unasimamisha, unarudia. Ufundi wetu wote ni kukata. Tunakata ukimya, tunakata kigugumizi, tunakata mbwa wa jirani. Tamasha la mtandaoni linakuomba urudishe vitu hivyohivyo ulivyojifunza kuviondoa, na nadhani ndiyo sababu wengi wetu tulipeleka rekodi siku ile. Tuliogopa kusikika tulivyo.

Kuna sehemu ya kitabu cha Merton niliyoiruka nilipokisoma mara ya kwanza. Hakuwa akimsifu tu Kate Smith. Alihofia ujamaa wa bandia, yaani ufundi wa kuzungumza na maelfu kana kwamba unazungumza na mmoja unayemjali, kwa kuwa unataka kitu kutoka kwake. Hakusema kwamba yule mama alikuwa mwongo. Alisema ufundi huo ukishajulikana, atautumia yeyote.

Nilikumbuka hilo miezi mitatu baada ya tamasha letu, msikilizaji aliponiandikia: "Kaka, ile pesa ya jiko ilifanya nini?" Alikuwa ametuma mia mbili. Sikujua. Niliwauliza waandaaji, nikaletewa picha moja ya magunia na tarakimu moja ya jumla. Nikauliza tena, sikujibiwa. Nilimjibu msikilizaji kwa sentensi nzuri zisizo na kitu ndani, na hakuniandikia tena.

Baadaye nikagundua kwamba yule dada wa tochi hakuuliza mtu. Alikwenda mwenyewe hadi jikoni, barakoa usoni, akakaa na mama aliyekuwa akitunza daftari la matumizi, akaomba ruhusa ya kulisoma kwenye podikasti yake. Nilikitafuta kipindi hicho nikakisikiliza. Unga wa mahindi, maharagwe, mafuta ya kupikia, sukuma wiki, chumvi, makaa, nauli ya mkokoteni, kila kitu na bei yake na tarehe yake. Hakuna muziki. Mara mbili anakosea tarakimu na kurudia mstari. Inachukua dakika kumi na moja, na hakuruka hata kiberiti.