Boriti za Rufiji na Miji Iliyoziuza

Katika karne ya 1, mfanyabiashara mmoja wa Kiyunani aliandika kitabu cha kuwaelekeza wenye meli, na ndani yake akautaja mji wa Rhapta kuwa soko la mwisho la pwani yetu ya Afrika Mashariki. Meli za Waarabu zilileta huko mikuki, mashoka na vitu vya kioo, zikarudi na pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Mwanaakiolojia Felix Chami ameutafuta mji huo katika eneo la Rufiji, na huko Mkukutu, upande wa Kibiti, alipata shanga za kioo anazozihusisha na biashara ya Warumi. Si wote waliokubaliana naye. Hata hivyo, popote ulipokuwa, Rhapta unatuonyesha jambo moja: ndovu waliishi bara, lakini pembe iligeuka mali ilipofika mahali penye mnunuzi, chombo na bei.

Karne nyingi baadaye delta ya Mto Rufiji ilikuwa na bidhaa nyingine, nayo ni boriti za mikoko. Nchi za Ghuba hazina miti ya kutosha kuezekea, na boriti za mkoko ni ngumu, mchwa hawaziwezi. Majahazi ya Sur, huko Oman, na ya Kuwait yalishuka na kaskazi yakiwa na tende, chumvi na samaki wakavu. Yalitia nanga Unguja kwanza. Pale ndipo palipokuwa na madalali, mikopo, habari za bei na watu wa kununua tende. Biashara ikiisha, vyombo viliingia Rufiji kukata miti, vikangoja kusi ivirudishe nyumbani.

Wajerumani walipotawala waliweka kituo cha misitu Salale, ndani ya delta, wakatoza ushuru. Waingereza nao wakaendelea. Mwaka 1939 baharia wa Australia, Alan Villiers, alifika huko akiwa ndani ya jahazi la Kuwait. Alikuta wanamaji wakikata boriti wenyewe, wamezama kwenye tope hadi magotini huku mbu wakiwala. (Sifa za biashara ya dau mara nyingi huusahau mgongo wa mkataji.) Boriti ziliuzwa kwa korja, yaani ishirini ishirini, na zilipofika Ghuba zikawa dari za nyumba.

Kisha mafuta yakaibadilisha miji ya Ghuba. Saruji na vyuma vikachukua nafasi ya boriti, na katika miaka ya 1980 serikali ya Tanzania ikazuia ukataji wa mikoko.

Mikoko haikuwa imekwisha. Hadi leo delta ina misitu mikubwa ya mikoko. Kilichokwisha ni mnunuzi. Unguja ilijenga majumba kwa faida ya biashara zilizopita bandarini mwake, lakini Salale, iliyotoa mti wenyewe, haikupata kuwa mji. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo hasara kubwa ya Rufiji: iliuza miti karne nzima bila kuwa na soko lake yenyewe.