Je, kuona ndiyo kuelewa?

Katika lugha yetu, macho na akili hutembea pamoja. Tukisema "naona mvua itachelewa", tunatoa maoni, na neno "maoni" lenyewe limetokana na kuona. Aliyeerevuka amefumbuka macho. Asiyeelewa huitwa kipofu. Je, usemi huo ni wa kweli? Tuliangalie swali ambalo wasomi wamelijadili kwa zaidi ya miaka 300.

Swali lilitoka wapi?

Mwaka 1693 William Molyneux, msomi wa Dublin, Ireland, ambaye mke wake alikuwa amepofuka, alimwandikia mwanafalsafa Mwingereza John Locke. Tuseme mtu amezaliwa haoni, na kwa mikono anatambua umbo la dadu na umbo la mpira. Siku moja anapata kuona. Vikiwekwa mezani, bila kuvigusa, atajua kipi ni kipi? Wote wawili walisema hapana. Locke aliliweka swali hilo katika kitabu chake, toleo la mwaka 1694.

Jibu lilipatikana vipi?

Nchini India, mradi uitwao Prakash, yaani nuru, ulioanzishwa na mtafiti Pawan Sinha, husaidia watoto waliozaliwa na mtoto wa jicho kufanyiwa upasuaji. Mwaka 2011 watafiti walitoa matokeo ya watoto watano wa miaka 8 hadi 17. Mara tu baada ya kupata kuona, walishikishwa kitu bila kukitazama, kisha wakaonyeshwa vitu viwili ili wachague kile walichoshika. Walikuwa kama wanabahatisha. Lakini waliopimwa tena baada ya siku chache walipatia zaidi.

Hii ina maana gani?

Macho huleta nuru, lakini maana hutengenezwa na ubongo, na ubongo hujifunza. Tena watoto wale hawakuwa wajinga kabla ya upasuaji: vitu walivijua kwa mikono. Kwa hiyo kumwita mjinga "kipofu" ni kosa mara mbili. Asiyeona anaweza kuelewa, na anayeona anaweza kutazama asielewe.

Kosa hilo lina gharama. Mtoto asiyeona akidhaniwa haelewi, huachwa nyumbani wenzake wakienda shule. Louis Braille wa Ufaransa alipofuka utotoni, na alikuwa na miaka 15 tu alipobuni maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole hadi leo.

Mzazi afanye nini?

Ukiona weupe ndani ya mboni ya jicho la mtoto, mpeleke hospitali mapema, usisubiri akue. Mtoto wa jicho hutibiwa kwa upasuaji, na weupe huo unaweza pia kuwa dalili ya saratani ya jicho. Na kama mtoto haoni kabisa, mwandikishe shule. Masikio yake na vidole vyake vinamfundisha kila siku.