Ile CD Ilienda Wapi? Historia Fupi ya Kompyuta Inayokataa Kuwaka

Kama umewahi kupeleka laptopu kwa fundi, hii stori unaijua. Unabonyeza, taa inawaka, feni inazunguka, halafu skrini inabaki nyeusi na maneno machache meupe: “Operating System not found”. Yaani mashine iko hai, lakini haioni mfumo wa kuiendesha. Unaibeba hadi tauni. Fundi anaiangalia kidogo, kisha anauliza, “Uko na CD yake?” Unamkodolea macho kama mtu aliyeulizwa cheti cha kuzaliwa cha babu yake. CD gani? Mbona hii ilikuja bila CD?

“Basi tunafomati.”

Mimi niliambiwa hivyo na nikakubali, kwa sababu nilikuwa na haraka. Siku iliyofuata laptopu ilirudi ikiwaka vizuri sana, safi kama imetoka dukani, na picha za mwisho za shosho zilikuwa zimeenda nayo hiyo usafi. Simlaumu fundi. Nilimpa kazi ya kuifanya iwake, na iliwaka. Swali ambalo limenikaa tangu siku hiyo ni lingine kabisa: ile CD ilienda wapi? Nani aliitoa, lini, na sisi tulikuwa wapi ikitolewa?

Wacha nianze mbali kidogo, kwa sababu shida yenyewe ni ya zamani kuliko Windows.

Kompyuta ikiwashwa haijui kitu. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi hufutika umeme ukikatika, kwa hivyo kila asubuhi inaamka kama mtoto mchanga. Lazima kuwe na kitu kidogo cha kuiambia, “programu iko pale, nenda ukaisome.” Lakini hicho kitu chenyewe kinaingiaje, kama mashine bado haijui kusoma? Wazungu waliilinganisha na mtu anayejaribu kujiinua kwa kuvuta kamba za viatu vyake mwenyewe, na kutoka kwa hiyo picha wakapata neno “bootstrap”. Likafupishwa likawa “boot”, na sisi tukapata kubuti.

Mwaka 1975 jibu la hilo swali lilikuwa vidole vyako. Altair 8800, iliyotokea kwenye jalada la jarida la Popular Electronics la Januari mwaka huo, ilikuwa sanduku lisilo na kibodi wala skrini. Mbele ilikuwa na safu ya swichi na taa ndogo. Ukitaka isome programu kutoka kwa utepe wa karatasi, ulianza kwa kupandisha na kushusha swichi, agizo moja baada ya lingine, hadi mashine ijue vile utepe unasomwa. Stima ikipotea, unarudia. Ilikuwa kazi ya kuchosha, lakini mwenye mashine ndiye alikuwa na kila kitu cha kuiamsha.

Halafu Agosti 1981 IBM wakatoa kompyuta yao ya mezani, ile ambayo karibu PC zote za leo ni wajukuu wake. Maagizo ya kuamka yaliwekwa ndani ya chipu isiyofutika, ile tunaita BIOS. Ukiwasha, BIOS inatafuta flopi. Na ikikosa flopi? Haikulia. Ilikufungulia lugha ya BASIC iliyokuwa ndani ya chipu hizo, ukaanza kuandika programu zako hapo hapo. Ebu fikiria hiyo: mashine isiyo na diski yoyote inakupa mahali pa kuanzia. Ya leo, yenye nguvu mara maelfu, ikikosa diski inakupa mstari mmoja wa lawama.

Mfumo wenyewe ulikuwa kwenye flopi uliyoshika mkononi. Ukiharibika, unachukua nakala. Hata mashine zilipoanza kuja na diski ya ndani, ile flopi ya kuwashia ilibaki kwenye droo kama ufunguo wa akiba. Windows 95, iliyotoka Agosti 1995, ikiwa kwenye flopi ilikuwa na flopi 13. Ukinunua ile ya CD, mara nyingi bado ulihitaji flopi moja ya kuanzia, kwa sababu kompyuta nyingi hazikujua kuamka kutoka kwa CD.

Hilo nalo lilikuwa linatatuliwa. Mwaka huo huo, kampuni za Phoenix na IBM zilitoa utaratibu wa kuwezesha kompyuta kuanza moja kwa moja kutoka kwa CD. Uliitwa El Torito, jina la mkahawa mmoja huko California. Kutoka hapo ndipo CD ikawa mfalme. Windows XP ilipotoka Oktoba 2001, CD yake ilikuwa usakinishaji na hospitali pamoja. Ndani yake kulikuwa na sehemu ya kurekebishia ambapo uliandika amri kama fixmbr au fixboot, mashine ikapata njia yake tena bila kugusa hata faili yako moja. Ule ujumbe maarufu wa “NTLDR is missing” ulitisha watu wengi, ilhali mara nyingi ilikuwa ni faili moja ndogo ya kuanzia imepotea. Nyumba ilikuwa salama. Ni kufuli tu ndiyo ilikuwa imekwama.

Wenye umri kidogo wanakumbuka ule mfuko wa zipu wa fundi, umejaa CD zilizoandikwa kwa maka. Wacha tuseme ukweli, nyingi hazikuwa zimenunuliwa popote. Lakini zilikuwepo. Uliingia saiba na mashine iliyokufa, ukatoka na faili zako.

Sasa hapa ndipo mambo yalianza kugeuka. Wakati huo huo wa XP, watengenezaji wengi wa kompyuta walikuwa wanaacha kuweka CD ya Windows kwenye katoni. Badala yake walikata kipande cha diski ya ndani, wakakificha, wakaweka humo nakala ya kurudisha mashine vile ilivyotoka kiwandani. Kwao ilikuwa hesabu safi: plastiki inapungua, nakala za wizi zinapungua. Mashine ikiwa mpya ilikuomba uchome CD zako mwenyewe za akiba. Nani aliwahi kufanya hivyo? Ulikuwa na laptopu mpya bana, ulikuwa unaweka muziki.

Ukifikiria, huo mpango una kasoro ambayo hata nyanya yako angeiona. Umefungia ufunguo wa akiba ndani ya nyumba ile ile. Diski ikiharibika, kile kipande kilichofichwa kinaharibika nayo. Na mtu akifomati diski nzima, anakifuta pia, mara nyingi bila kujua kilikuwepo.

Na sisi je? Wengi wetu hatukuwa tunafungua katoni mpya. Tulikuwa tunanunua eksi-UK. Mashine imetumika ofisini huko ng'ambo, imefutwa kabla ya kuuzwa, imefika hapa imewekewa Windows ya kusukuma maisha na muuzaji. Kile kipande cha siri kilishaenda zamani. Kilichobaki ni stika ya ubavuni yenye herufi na tarakimu 25, nusu yake zimefutwa na jasho la mikono ya mtu usiyemjua. Kwa hivyo yule mteja aliyefikiriwa na wahandisi, mwenye mashine mpya, risiti na kipande cha siri kilicho sawa, hakuwa mimi wala wewe.

Hatua iliyofuata ilihamisha ufunguo mbali zaidi. Julai 2011 Apple walitoa Mac OS X Lion kupitia duka lao la mtandaoni badala ya diski. Mac za kuanzia wakati huo zilikuja na uwezo wa kujirekebisha kupitia intaneti: hata diski ikiwa tupu, mashine inaingia mtandaoni na kushusha mfumo wote, takriban GB 4. Kiufundi ni kazi nzuri sana, siwezi kukataa. Lakini linganisha tarehe. Nyaya za chini ya bahari za Seacom na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya nje. Miaka miwili tu baada ya sisi kupata mtandao wa kueleweka, mtu mwingine aliamua kwamba mtandao unaweza kuchukua nafasi ya diski. Kwa mtu wa bando la MB 50, GB 4 za kufufua mashine ilikuwa ndoto ya mchana.

Lakini historia haikwenda njia moja tu, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Mwaka 2000 Mjerumani anayeitwa Klaus Knopper alitoa Knoppix, mfumo wa Linux ulioenea kwenye CD moja na kuendeshwa kutoka kwa hiyo CD bila kusakinishwa. Unaichomeka kwenye kompyuta iliyokufa, inawaka, unaona faili zako zote zimekaa pale pale, unazinakili, unaondoka. Mwaka 2004 ikaja Ubuntu, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, jina lake likiwa ndugu wa neno letu utu. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, uliweza kuagiza CD ya Ubuntu ukatumiwa kwa posta bila kulipa hata ndururu. Kwa hivyo wakati wengine walikuwa wanaondoa diski kwenye katoni, hawa walikuwa wanazituma bure kwa yeyote aliyeomba.

Tangu Windows 8 ya 2012, mlango umekuwa na walinzi zaidi. Mashine mpya zinaangalia kwanza kama kinachojaribu kuziamsha kina sahihi inayotambulika. Halafu laptopu nyingi za kisasa husimba diski yote kwa BitLocker, wakati mwingine bila mwenyewe kugundua. Ni ulinzi wa maana, maana mwizi akiibeba hapati kitu. Lakini mashine ikikataa kuwaka, inaweza kukuitisha tarakimu 48 ambazo hujawahi kuziona, na ambazo mara nyingi zimehifadhiwa kwenye akaunti yako ya mtandaoni. Ile akaunti ambayo nenosiri lake ulisahau. Hapo hata Knoppix haikusaidii.

Tuliona vile hii inaweza kuenda mrama tarehe 19 Julai 2024. Sasisho moja lenye kasoro la CrowdStrike, programu ya usalama, liliangusha kompyuta za Windows karibu milioni 8.5 duniani, kwa hesabu ya Microsoft. Ndege zilikwama, hospitali zikaahirisha huduma. Na dawa yake? Kuingia kwa kila mashine kwa njia ya dharura na kufuta faili moja. Kwa mkono, moja baada ya nyingine, na zile zilizosimbwa zikiitisha zile tarakimu 48. Microsoft wenyewe waliishia kutoa kifaa cha kuweka kwenye flashi ili mafundi waamshie mashine. Miaka yote hiyo ya kuondoa diski, na siku mambo yalipoharibika dunia nzima ilikuwa inatafuta kitu cha kuchomeka.

Najua kuna mtu atasema napenda plastiki za zamani. Hapana. CD zilikuwa zinakwaruzika, na laptopu za leo hazina hata mahali pa kuziweka. Ninacholilia ni kile CD ilimaanisha: kwamba mashine ikifa, kuna kitu kiko nje yake, kiko mikononi mwako, kinachoweza kuiamsha. Kila hatua niliyoeleza ilirahisisha maisha siku mashine ni nzima, na ikayafanya magumu kidogo siku ni mgonjwa. Na bei ya hiyo siku mbaya inalipwa zaidi na mtu wa mashine ya mkono wa pili na bando ndogo.

Kwa hivyo, jirudishie ufunguo. Leo, laptopu ikiwa bado inawaka, tafuta flashi ya GB 8 au zaidi ambayo haina kitu unachohitaji, uende kwa tovuti ya Microsoft ushushe kifaa chao cha kutengeneza flashi ya Windows. Kwa saiba yenye mtandao mzuri ni kazi ya muda mfupi. Tengeneza nyingine ya Ubuntu ukiweza. Angalia kama diski yako imesimbwa, na kama imesimbwa, andika zile tarakimu 48 kwenye karatasi uweke penye unaweka cheti chako cha KCSE.

Na ikikataa kuwaka kabla hujafanya hayo, usipaniki. Chomoa kwanza flashi zote, maana wakati mwingine inajaribu kuamka kutoka kwa ile isiyo na kitu. Ingia kwenye BIOS uangalie kama diski inaonekana. Ikionekana, kuna matumaini makubwa faili zako ziko. Kama ni Windows 10 au 11 na inaanza kisha inakwama, izime kwa nguvu ikiwa inajaribu kuwaka, mara 3 mfululizo, itakufungulia sehemu ya kujirekebisha. Isipofungua, omba rafiki akutengenezee ile flashi ya Ubuntu, uchague kujaribu bila kusakinisha, unakili vitu vyako kwanza. Lakini kama diski inatoa sauti ya kugonga-gonga, izime na uiache, utafute mtu wa kuokoa data.

Halafu ndiyo umpelekee fundi. Na akikuambia “tunafomati”, muulize swali moja kabla hujakubali: “Umenitolea faili zangu?” Mimi sikuuliza.