usfm2osis
usfm2osis ni programu huria inayogeuza matini ya Biblia kutoka alama za USFM, wanazotumia watafsiri katika Paratext, kuwa OSIS, muundo wa XML. Toleo la awali liliandikwa kwa Perl, la baadaye kwa Python. Faili linalopatikana hupitishwa kwenye osis2mod ili kupata moduli ya SWORD, mradi wa CrossWire. Kugeuza alama ya \c kuwa sura ni kazi nyepesi. Aya ndizo zenye utata: huweza kuanzia ibara moja na kuishia nyingine, jambo lisilokubalika katika XML, hivyo OSIS huzifungua kwa sID na kuzifunga kwa eID. Mwongozo wa programu hii usiotaja alama isizozitambua una kasoro kubwa.