Jina la Kondoo na Suala la Udugu wa Lugha

Ni mazoea ya wengi, watakapo kuthibitisha au kukanusha udugu wa lugha, kuchukua maneno machache na kutoa hukumu. Historia ya jina la kondoo katika lugha za Kigermaniki yaonyesha udhaifu wa njia hiyo.

Katika tawi la magharibi, Kiingereza husema sheep, Kiholanzi schaap, na Kijerumani Schaf. Tofauti ya p na f si ya bahati nasibu. Ni matokeo ya badiliko la sauti katika Kijerumani cha Juu, ambalo pia liliitenga Schiff ya Kijerumani na schip ya Kiholanzi, yaani merikebu.

Kaskazini mambo ni mengine. Kiswidi na Kidenmaki hutumia får, neno linalonasibishwa na Vieh ya Kijerumani, yaani mifugo. Kiisilandi kina sauður, ambalo nduguye katika Kigothi, sauþs, humaanisha sadaka. Na katika Biblia iliyofasiriwa na Wulfila kwa Kigothi katika karne ya 4, kondoo ni lamb, neno ambalo kwa Kiingereza ni la mwana-kondoo tu. Jina la kale zaidi, la Kihindi-Kiulaya, limesalia katika Kiingereza kwa kondoo jike peke yake: ewe.

Je, lugha hizi si za ukoo mmoja? La hasha. Ukoo wake hauthibitishwi na jina la mnyama mmoja, bali na ulinganifu wa sauti unaojirudia katika msamiati wa msingi, pamoja na sarufi. Vivyo hivyo, Kiingereza kiliazima mutton, nyama ya kondoo, kutoka Kifaransa baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, wala hakikuacha kuwa Kigermaniki.

Mizani hiyo hiyo yapasa kutumika kwa Kiswahili. Kondoo ni ng'ondu kwa Wakikuyu na imvu kwa Wazulu, na wote hao ni Wabantu. Kadhalika, wanaohesabu maneno ya Kiarabu ili kukiondoa Kiswahili katika Ubantu hupima mkopo na kuacha nasaba. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika utafiti wao wa mwaka 1993 kuhusu lugha za Kisabaki, walifuata sauti na sarufi, na humo Kiswahili kilionekana miongoni mwa ndugu zake: Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro.