Urafiki wa Daudi na Yonathani

Urafiki wa Daudi na Yonathani ni uhusiano unaosimuliwa katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, mojawapo ya vitabu vya Biblia ya Kiebrania, kati ya Daudi, mchungaji wa Bethlehemu aliyekuja kuwa mfalme wa Israeli, na Yonathani, mwana wa Mfalme Sauli. Ulifungwa kwa agano, yaani mapatano mazito yanayofanywa mbele za Mungu, na Yonathani, ingawa ndiye aliyetazamiwa kurithi kiti cha baba yake, alimvika Daudi joho lake na kumpa upanga, upinde na mshipi wake. Katika sura ya 23, Daudi akiwa amejificha katika nyika ya Zifu akimkimbia Sauli aliyetaka kumwua, Yonathani alimwendea, akamtia nguvu katika Mungu na kumhakikishia kwamba angetawala, kisha wakafanya agano tena. Baada ya Yonathani kuuawa na Wafilisti katika mlima Gilboa, Daudi alimwombolezea na baadaye akamkaribisha mezani pake Mefiboshethi, mwana wa Yonathani aliyekuwa kiwete, akitimiza ahadi aliyoiweka kwa rafiki yake.